Kabla ya kuuliza kasi ya blokucheni, uliza nani ameshika daftari

Kila sarafu mpya ya kidijitali inayopita kwenye makundi ya WhatsApp hapa Dar es Salaam huja na namba. Huenda asitajwe aliyeianzisha wala isijulikane ofisi yake iko wapi, lakini namba haikosekani: miamala elfu kumi kwa sekunde, elfu hamsini kwa sekunde, na wenye kifua zaidi husema milioni. Chini ya tangazo huwekwa kijembe: Bitcoin imezeeka, kwa sekunde moja haifikishi hata miamala kumi.

Kuhusu Bitcoin hawasemi uongo. Wanachokiacha ni sababu yake. Na hapo ndipo mwananchi wa kawaida anapoingizwa mjini.

Msimamo wangu ni huu: kwa mtu anayehangaikia ada ya mtoto na kodi ya chumba, namba ya kasi ni jambo la mwisho kuuliza. Kasi kwenye blokucheni haiokotwi. Mtandao unaojigamba nayo umeinunua, na mara nyingi umeilipia kwa kupunguza idadi ya wanaoshika na kuhakiki daftari. Usione vyaelea, vimeundwa. Anayetaka kuweka fedha zake humo aanze kuuliza daftari limeshikwa na nani, na siku wakilifunga, yeye atatokea mlango gani.

SANDUKU LA KUFULI TATU

Wana vikoba wataielewa shida hii upesi kuliko wahandisi. Kikundi kinakutana kila wiki. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo wamepewa wanachama watatu tofauti. Fedha zinahesabiwa mbele ya wote, mwandishi anasoma hesabu kwa sauti, mwenye pingamizi anainua mkono. Kazi inakwenda polepole, na mwenye ufunguo mmoja akichelewa, wote wanamsubiri. Ungeweza kuiharakisha: mkabidhi mwenyekiti funguo zote tatu na daftari aende nalo nyumbani. Kikao kitakwisha kwa dakika tano. Je, ni vikoba vingapi vimevunjika baada ya uamuzi kama huo?

Blokucheni ni daftari la namna hiyo, ila wanachama wake ni kompyuta zilizotawanyika duniani, na kila moja ina nakala yake kamili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anayejiita Satoshi Nakamoto, ambaye hadi leo haijulikani ni mtu mmoja au kundi, alichapisha pendekezo lake Oktoba 2008 akilenga kwamba daftari lisiwe mali ya benki wala ya mwenyekiti yeyote. Mtandao ulianza Januari 2009. Ukurasa mmoja wa daftari hilo hufungwa kila baada ya dakika kumi hivi, na mwaka 2010 uliwekewa ukomo wa megabaiti moja. Hapo ndipo inapotoka ile miamala saba hivi kwa sekunde.

Tuipige hesabu hiyo kwa watu tunaowajua. Miamala saba kwa sekunde ni kama laki sita kwa siku. Sensa ya 2022 ilituhesabu Watanzania zaidi ya milioni 61. Kila mmoja wetu, mtoto na mzee, akitaka kufanya muamala mmoja tu, na dunia nzima ikatupisha, foleni ingetuchukua zaidi ya miezi mitatu. Kwa hiyo anayekwambia Bitcoin yenyewe, kwenye daftari lake kuu, itakuwa fedha ya kununulia nyanya sokoni, hajaipiga hesabu hii.

Foleni ikirefuka, bei ya kupita hupanda, kwa sababu nafasi ndani ya ukurasa hupiganiwa kwa mnada. Desemba 2017 ada ya wastani ya muamala mmoja ilipita dola 50, yaani zaidi ya shilingi laki moja wakati ule. Aprili 20, 2024, siku malipo ya wachimbaji, yaani wenye kompyuta zinazofunga kurasa, yalipopunguzwa kwa nusu, ilipita dola 100 kwa siku hiyo. Mtu atume shilingi elfu hamsini kwa mama yake kijijini, alipe zaidi ya laki mbili za makato? Hata ile tozo ya miamala ya simu iliyotupandisha presha Julai 2021, ambayo kwa muamala mkubwa ilifika shilingi 10,000, haikuthubutu kufika huko.

Basi kwa nini wasiupanue tu ukurasa? Swali hilo liliwagombanisha watu wa Bitcoin kuanzia 2015 hadi 2017. Kambi moja ilitaka kurasa kubwa ili miamala iwe mingi na rahisi. Kambi nyingine ikasema: ukurasa ukinenepa, daftari litanenepa pia, na mtu mwenye kompyuta ya nyumbani atashindwa kulihifadhi, watabaki wenye maghala ya mashine peke yao. Agosti 1, 2017, waliotaka kurasa kubwa walijitenga wakaanzisha Bitcoin Cash, iliyoanza na ukurasa wa megabaiti nane. Soko halikuwafuata. Bitcoin Cash ipo hadi leo, ada zake ni ndogo sana, lakini thamani yake ni sehemu ndogo mno ya ile ya ndugu yake wa polepole. Watu wenye fedha zao walikuwa na nafasi ya kuchagua kasi, wengi wao wakachagua daftari linaloshikwa na wengi. Mtandao huo unaochekwa kwa uzee haujasimama kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na sidhani ni bahati.

PAKA NA VIWANJA VYA HEWANI

Ethereum, iliyowashwa Julai 30, 2015, ilikuja na uwezo wa kuendesha programu juu ya daftari, lakini kasi yake kwenye daftari kuu ilizoeleka kuwa miamala kumi na tano hivi kwa sekunde. Desemba 2017 mchezo wa kufuga na kuuza paka wa kidijitali, CryptoKitties, uliusonga mtandao mzima. Paka! Usiku wa kuamkia Mei 1, 2022, kwa saa zetu, kampuni ya Yuga Labs iliuza viwanja vya ardhi isiyokuwepo, ndani ya mchezo uitwao Otherside. Wanunuzi walimwaga zaidi ya dola milioni 100 kwenye ada peke yake. Wapo ambao muamala wao ulikwama na ada ikaliwa vilevile.

Yaliyowapata matajiri wa viwanja hivyo ni yao. Lakini mtu aliyekuwa anatuma dola mia kwa mdogo wake usiku ule alipanga foleni moja na wao. Hili sijaona likisemwa na wauza sarafu. Kwa wakala wa fedha za mtandao, bei imebandikwa ukutani: kiasi fulani, makato fulani, leo na kesho. Kwenye daftari kuu la Ethereum bei yako inapangwa na pupa ya mtu usiyemjua, na kaya inayoishi kwa bajeti ya siku haiwezi kupanga matumizi juu ya mnada.

Wengi waliamini mageuzi ya Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na uchimbaji, yangeshusha ada. Yalipunguza matumizi ya umeme kwa zaidi ya asilimia 99, na hilo ni jambo kubwa, lakini ada na kasi hayakuzigusa. Nafuu ilitoka kwingine: mitandao ya tabaka la pili, kama Arbitrum, Optimism na Base, ambayo hufanya miamala pembeni kisha kupeleka muhtasari wake kwenye daftari kuu. Baada ya mabadiliko ya Machi 2024, ada kwenye mitandao hiyo zilishuka hadi senti chache za dola, mara nyingine chini ya senti moja.

Nafuu hiyo ni ya kweli na sina haja ya kuibeza. Lakini tuuangalie mlango wa kutokea. Anayepanga miamala kwenye Base ni kampuni moja, Coinbase. Juni 2024, baada ya wizi kutokea kwenye mtandao wa Linea, nao wa tabaka la pili, waendeshaji wake waliusimamisha kwa uamuzi wao wenyewe ili kumzuia mwizi, na kwa muda huo wateja wote nao walisimama. Na ukitaka kurudisha fedha zako kutoka Optimism au Arbitrum hadi daftari kuu kwa njia rasmi, utasubiri kama siku saba. Njia za mkato zipo, kwa malipo. Mgonjwa akiwa hospitali, siku saba ni nyingi.

Jirani zetu wa Nairobi waliwahi kuligusa tabaka la pili bila kujua. Mwaka 2023 maelfu walijipanga kwenye ukumbi wa KICC wapigwe picha ya mboni za macho na mradi wa Worldcoin, wapewe sarafu ambazo wakati ule zilikuwa na thamani ya shilingi elfu kadhaa za Kenya. Mtandao uliobeba sarafu hizo, Optimism, ulikuwa mwepesi. Foleni ilikuwa ya binadamu, juani, hadi serikali ilipousimamisha usajili Agosti 2. Sikumbuki kusikia mtu kwenye ile foleni akiuliza miamala ni mingapi kwa sekunde. Walichouliza ni kama itageuka kuwa M-Pesa.

WALIOCHAGUA MBIO

Solana ndiyo mbio zenyewe. Ilianza Machi 2020, na imetangazwa kuwa na uwezo wa miamala elfu 65 kwa sekunde, namba ileile ambayo Visa imewahi kuitaja kuwa uwezo wa mitambo yake. Miamala inayoonekana kwenye daftari lake ni michache sana kuliko hiyo, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya iliyokuwa ikihesabiwa ilikuwa kura za wahakiki wenyewe wakikubaliana kuhusu kurasa. Hata hivyo ni mtandao wa kasi kweli, na ada yake ni sehemu ya senti.

Imelipia nini? Kwanza mashine. Mhakiki wa Solana anashauriwa awe na kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 256 au zaidi, wakati laptopu anayotumia mwanafunzi wetu wa chuo ina nane. Mtu wa Mbagala hashiki daftari hilo hata akitaka. Pili utulivu. Septemba 14, 2021, roboti zilizokuwa zikigombea sarafu mpya zilimwaga hadi miamala laki nne kwa sekunde, na mtandao ukalala kwa saa 17. Februari 6, 2024, ulilala tena kwa takriban saa tano, na wahakiki wakalazimika kukubaliana mtandaoni jinsi ya kuuwasha upya. Kwa haki yake, umeimarika. Lakini aliyeweka mtaji wake wote humo asubuhi ya siku ile, akihitaji kulipa mzigo mchana, hakuwa na wa kumpigia simu.

BNB Chain nayo ni nyepesi na ina wahakiki wachache. Oktoba 2022 mwizi alijitengenezea sarafu milioni mbili kupitia daraja lake, yaani njia ya kuhamishia sarafu kati ya mtandao na mtandao, thamani ya zaidi ya dola milioni 500. Wahakiki wakawasiliana, wakauzima mtandao, na sehemu kubwa ya fedha haikutoka. Walisifiwa, na kwa siku ile walistahili. Ila mkono unaoweza kumzuia mwizi kwa saa chache unaweza kukuzuia na wewe, kwa sababu ambayo hutaulizwa maoni.

Kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Ronin, mtandao uliotengenezwa kwa ajili ya mchezo wa Axie Infinity, ambao Wafilipino wengi walikuwa wakiucheza kama ajira. Daftari kuu la Ethereum lilikuwa ghali mno kwa wachezaji wa kipato kidogo, kwa hiyo wakahamishiwa kwenye mtandao huo, wenye daraja la funguo tisa, ambapo tano zilitosha kutoa fedha. Nne kati ya hizo zilikuwa kwa kampuni moja, Sky Mavis, yenye mchezo wenyewe, na ya tano ilipatikana kwa sababu kampuni hiyo iliwahi kuruhusiwa kusaini kwa niaba ya mwenye ufunguo mwingine, na ruhusa haikufutwa. Machi 23, 2022, zikatoka zaidi ya dola milioni 600. Marekani ililitaja kundi la Lazarus la Korea Kaskazini kuwa ndilo lililohusika. Wizi huo uligunduliwa Machi 29, baada ya mtumiaji mmoja kujaribu kutoa fedha zake akashindwa. Siku sita sanduku liko tupu na kikao kinaendelea! Kufuli tisa zilikuwepo, funguo zikawa chumba kimoja.

TRC20 AU BEP20?

Tuje kwenye simu zetu. Watu wetu wengi huutumia mtandao mwingine, Tron, na sababu ni USDT, sarafu inayofuata thamani ya dola. Kijana mwenye duka anayeagiza mzigo Dubai hununua USDT kwa shilingi kutoka kwa mtu mwingine, analipa kwa simu, kisha anamtumia msambazaji wake. Kabla ya kutuma, programu humwekea orodha: ERC20 (yaani Ethereum), TRC20 (Tron), BEP20 (BNB Chain), Solana. Achague mtandao. Anwani ya Tron huanza na herufi T, hivyo ukikosea utaonywa. Lakini anwani ya Ethereum na ya BNB Chain zote huanza na 0x na haziachani kwa macho. Ukichagua usipotakiwa, fedha zinakwenda kweli, ila zinafikia kwenye mtandao ambao mpokeaji hautumii, na kama anwani hiyo inashikwa na kampuni, kuzipata tena ni hisani ya kampuni hiyo, ikiwa itajibu.

Tron ina wawakilishi 27 wanaotengeneza kurasa za daftari. Wote wangeenea kwenye Coaster moja. Juu yao yuko Tether, mtoaji wa USDT, mwenye uwezo wa kugandisha salio la anwani yoyote, na ameshautumia mara nyingi kwa maombi ya vyombo vya dola. Huenda ni jambo jema dhidi ya wahalifu. Ila tusidanganyane kwamba hii ni fedha isiyo na mwenyewe.

Halafu tuzungumze makato. Tangazo linasema ada ya mtandao ni ndogo, na kwa mitandao mingi ya kasi ni kweli. Lakini shilingi inapogeuzwa USDT, muuzaji anaweka faida yake kwenye bei. Inapogeuzwa kurudi, mnunuzi naye anaweka yake. Kuna makato ya simu kutuma, na ya wakala kutoa. Mtandao uongeze kasi mara mia, makato hayo hayatapungua hata shilingi kumi, kwa sababu yako kwenye ncha mbili za safari. Kasi peke yake haitoshi hata serikali ikiisukuma: El Salvador iliifanya Bitcoin fedha halali Septemba 2021, ikatoa pochi ya serikali na zawadi ya dola 30 kwa kila aliyejiunga, ikatumia Lightning, tabaka la pili la Bitcoin lenye kasi kubwa. Wananchi wengi walitumia zile dola 30 wakarudi kwenye noti zao, na Januari 2025 bunge likaondoa ulazima wa kuipokea.

Najua nitajibiwa kwamba hata fedha za simu ni daftari la kampuni moja, na likizima, nchi inakwama. Sawa kabisa. Lakini kampuni hiyo ina leseni, ina namba ya huduma kwa wateja, ina Benki Kuu juu yake, na fedha za wateja zinatakiwa ziwe benki kwenye akaunti ya dhamana. Blokucheni yenye washika daftari wachache imekuondolea ulinzi huo wote, na wakati huohuo haijakupa ule ulinzi wa wengi uliokuwa sababu ya kubuniwa kwake. Umepata hasara za pande zote mbili, kwa kasi kubwa. Kwa akiba ya muda mrefu ninamwelewa anayechagua daftari la polepole. Kwa kulipia mahitaji ya kila siku sioni blokucheni ya kasi inampa nini mtu wa Dar ambacho simu yake haimpi, isipokuwa anapovuka mpaka, na hapo ndipo anapohitaji kulindwa zaidi.

Benki Kuu ya Tanzania iliuonya umma kuhusu sarafu hizi Novemba 2019. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae nazo. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali. Tunachangia kodi, ila wa kutupokea tukilalamika hajulikani. Kenya ilipitisha mwaka 2025 sheria ya watoa huduma wa mali hizi, chini ya Benki Kuu yake na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji.

Wanaoandika kanuni kule, na watakaoziandika hapa, ninawaomba jambo moja lisilohitaji utaalamu mkubwa. Kabla mtumiaji hajabonyeza kutuma, programu yoyote yenye leseni imwonyeshe kwa Kiswahili mtandao anaoutumia, ni nani anaweza kuusimamisha, na shilingi ngapi zitamfikia mpokeaji mkononi baada ya makato yote. Nawe msomaji, hadi siku hiyo ifike, tuma kwanza kiasi kidogo, umpigie mpokeaji athibitishe, ndipo utume kilichobaki.